Nasomea mtandaoni kufundisha watu wazima, lakini darasa langu linapungua

BARUA

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Tukuyu, wilayani Rungwe. Nina stashahada ya uhasibu na kwa sasa natunza hesabu za duka la pembejeo. Mama yangu mdogo ni katibu wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, cha mtaani kwetu. Wanachama wake wengi ni akina mama wanaouza ndizi, parachichi na mbogamboga sokoni, pamoja na wazee wachache. Wameambiwa kikoba lazima kisajiliwe, na vitabu vyao vya hesabu havijakaa sawa. Wakaniomba niwafundishe kila Alhamisi jioni, baada ya kukusanya hisa.

Ualimu sijausomea. Nikatafuta mtandaoni, nikapata kozi ya bure ya chuo kimoja cha nje inayofundisha namna ya kufundisha watu wazima. Ni ya kujisomea kwa muda wako: hakuna mwalimu wala ratiba, zipo video, makala na maswali ya kujipima. Sehemu ziko 8 na zote ni za Kiingereza. Mbili za kwanza nilizimaliza haraka na maswali niliyapata. Ya tatu imelala hapo kwa miezi. Jioni narudi nimechoka, bando linakata video ikiwa katikati, na kwenye uwanja wao wa majadiliano niliandika swali ambalo hakuna aliyelijibu mpaka leo.

Huku darasani nako hakuendi. Walianza kubaki watu 22, sasa hisa zikishakusanywa wanabaki 9. Nawaandikia ubaoni debiti na krediti, zile pande mbili za daftari la kihasibu, naeleza polepole, nauliza "Mmeelewa?" Wote: "Tumeelewa, mwanetu." Nikimwomba mmoja aje kujaribu anacheka, anasema mkono unamuuma. Kuna mzee mmoja ninayemheshimu sana, ndiye aliyekuwa mweka hazina wa kwanza. Kila nikigawa karatasi anasema miwani ameisahau nyumbani. Siku hizi haji kabisa.

Naona haya kuwasimamia watu wa umri wa mama yangu na babu yangu kama watoto wa shule. Je, nisimamishe darasa kwanza, nimalize kozi nipate cheti, ndipo nirudi? Au kozi niiache? Rafiki yangu ananiambia nikasome ualimu wa kweli. Cheti cha kozi hii kinalipiwa, na sijui kama kina thamani. Nisaidie, Mwalimu.

Binti wa Alhamisi, Tukuyu

JIBU

Marahaba, binti yangu.

Darasa lisisimame hata Alhamisi moja kwa kusubiri cheti. Na kozi usiiache. Kinachotakiwa kubadilika ni mpangilio. Sasa hivi unaisoma kozi kama unavyojiandaa kwa mtihani wa uhasibu, ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu unakwenda darasani na mambo mengine kabisa. Geuza. Darasa litangulie. Alhamisi ikishapita, jiulize ni jambo gani moja lilikukwaza jioni ile, kisha ingia kwenye kozi ukalitafute hilo tu. Watu walinyamaza? Fungua sehemu inayozungumzia kuuliza maswali na kuongoza mjadala, hata kama ni ya sita. Kama kozi haijafunga sehemu za mbele, hakuna sheria inayokulazimisha kuzifuata kwa zamu. Wengi hujiandikisha kozi za namna hii na wachache ndio hufika mwisho, na huenda sababu mojawapo ni kwamba wanayoyasoma usiku hayana pa kwenda asubuhi. Wewe una pa kuyapeleka kila wiki. Hiyo ni bahati ambayo wanafunzi wengi wa ualimu hawana mpaka siku ya mazoezi ya kufundisha.

Kabla hatujawagusa wanafunzi wako, tukutazame wewe mwenyewe. Wewe ni mtu mzima unayesoma baada ya kazi. Ulianza na hamu, ukasimama njiani. Hukusimama kwa uvivu, wala akili haikupungua, maana maswali uliyapata. Ulisimama kwa sababu umechoka, lugha inayotumika si ya nyumbani, hakuna aliyekuuliza unafundisha akina nani na wapi, swali lako lilikaa bila jibu, na hukuona sehemu ya tatu itakusaidia nini Alhamisi ijayo.

Sasa wachukue wale 13 waliokuwa wakibaki na siku hizi wanaondoka. Wako sokoni tangu alfajiri. Debiti na krediti si maneno yao. Hakuna aliyewauliza tayari wanajua nini. Wakinyamaza, somo linasonga mbele. Na hawaoni maandishi yale ubaoni yanahusianaje na sanduku lao. Sababu zilizokusimamisha wewe ndizo zinazowaondoa wao.

Mmarekani Malcolm Knowles ndiye aliyeyaeneza mambo haya sana kwa jina la andragojia, yaani taaluma ya kuwafundisha watu wazima, hasa kwa kitabu chake cha mwaka 1970, na sina shaka kozi yako imemtaja au itamtaja. Anasema mtu mzima hutaka kujua kwanza kwa nini ajifunze jambo fulani, huja na uzoefu wake na hutaka uthaminiwe, na hujifunza vizuri zaidi kinachomsaidia kutatua shida aliyonayo leo. Ukifika hapo usikariri. Soma ukijiweka wewe na swali lako lisilojibiwa, utaelewa kila mstari.

Mzee wa miwani ndiye aliyenikaa moyoni nilipoisoma barua yako. Nimefundisha madarasa ya jioni ya watu wazima kwa miaka mingi, na maneno hayo nimeyasikia sana. Huenda ni kweli macho yamechoka. Wengi wakishavuka miaka 40 maandishi ya karibu huanza kuwapotea, na miwani ya kusomea humaliza tatizo. Lakini huenda pia kusoma kwenyewe hakujui, au alijua zamani kukapotea kwa kutokutumika. Mtu aliyewahi kushika fedha za watu, anayesalimiwa kwa heshima mtaa mzima, hawezi kulitamka hilo mbele ya wakwe na majirani. Kila ulipompa karatasi ulikuwa unamweka kwenye hatari ya kuumbuka, bila wewe kukusudia. Akaona bora asije.

Usimuulize kama anajua kusoma, si mbele za watu wala faraghani. Nenda kwake, msalimie, kaa. Kisha mwombe msaada wa kweli: alipokuwa mweka hazina, aliwezaje kukumbuka nani amenunua hisa ngapi na nani anadaiwa? Atakueleza, na nakuhakikishia utajifunza kitu. Andika wewe, yeye azungumze. Ukimaliza, mwombe aje Alhamisi awaeleze wenzake jambo hilo hilo kwa mdomo. Hapo utakuwa umempa kazi isiyohitaji miwani. Baadaye sana, akikuamini, akisema mwenyewe kwamba angependa kusoma, kila halmashauri ina Afisa Elimu ya Watu Wazima. Huyo atakuelekeza kama kuna darasa la MUKEJA, mpango wa serikali wa elimu ya watu wazima, karibu. Lakini asukumwe na hamu yake, si na huruma yako.

Na kuanzia sasa acha kugawa karatasi moja moja. Toa moja kwa watu wawili au watatu, wachague wenyewe nani aandike. Asiyejua kuandika atahesabu, atakumbusha, atabisha, na atajifunza bila kuaibika. Hata yule wa mkono unaouma utashangaa akiwa na mwenzake unavyopona.

Hizo debiti na krediti ziondoe ubaoni. Ni elimu yako nzuri na itakufaa kazini, lakini kikoba kinataka kujua mambo machache: nani amenunua hisa ngapi, nani amekopa, amerejesha kiasi gani, riba ni ngapi, na fedha zilizo sandukuni zinalingana na daftari au hazilingani. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ndiyo inayovitaka vikundi vya kijamii kama vyenu visajiliwe. Waeleze hivyo tangu mwanzo wa jioni, kwa maneno mawili matatu: tunajifunza hili ili katibu akiulizwa, kila mwanachama aweze kumsaidia kujibu. Mtu mzima akishajua sababu, hukaa.

Nikupe somo moja zima ulijaribu wiki ijayo. Beba maharage na punje za mahindi, na mkeka au meza ya kuzungukwa na wote. Anza na wanalolijua: "Mama, mkungu ulinunua shilingi 8,000, gari likachukua 1,500, Mbeya ukauza 12,000. Umebaki na nini?" Atakujibu 2,500 kabla hujamaliza kuuliza. Hebu mpe heshima yake hapo, useme wazi kwamba hesabu hiyo ndiyo ile ile mliyokuwa mkiogopa ubaoni. Halafu ingia kwenye mkopo. Tuseme mwanachama amekopa shilingi 300,000 kwa miezi mitatu, riba ni asilimia 5 kwa mwezi, na kila mwezi anarejesha 100,000 ya mkopo wenyewe. Harage moja ni shilingi 10,000, punje moja ya mahindi ni shilingi 5,000. Waweke maharage 30 katikati, mafungu matatu ya maharage kumi kumi. Kila fungu linazaa punje moja ya riba kwa mwezi.

Sasa waulize: mwezi wa pili, fungu moja likishaondoka, riba tuihesabu kwa mafungu yote matatu aliyochukua mwanzo, au kwa mawili yaliyobaki? Kisha nyamaza. Usiwasaidie. Wapo watakaosema yote, wapo watakaosema yaliyobaki, na ubishi utapamba moto. Waache waweke punje kwa njia zote mbili. Njia ya kwanza ni punje 3, tena 3, tena 3, jumla 9, yaani shilingi 45,000. Njia ya pili ni 3, kisha 2, kisha 1, jumla 6, yaani shilingi 30,000. Tofauti ya 15,000 itakuwa pale mkekani, kila mmoja anaiona na kuigusa, anayejua kusoma na asiyejua. Waulize katiba yao inasema njia ipi. Nimeona vikundi vilivyokopeshana kwa miaka bila wanachama kukubaliana jambo hili, na ugomvi ukiibuka watu wanadhani ni wizi.

Baada ya hapo ndipo ushike chaki. Andika walichokifanya kwa maharage, mstari kwa mstari, wao wakikuambia cha kuandika. Maandishi yaje nyuma ya mikono. Mbrazili Paulo Freire alifundisha wakulima na vibarua kusoma kwa kuanza na maneno ya maisha yao wenyewe, si ya kitabu cha watoto, na ndiyo njia hii hii ninayokueleza.

Swali la "Mmeelewa?" lifute kabisa. Hakuna mama wa Tukuyu atakayemwambia binti yake mbele za watu kwamba hakuelewa. Adabu yake haimruhusu. Uliza linalotaka jibu la kweli: "Kama leo wewe ndiye katibu, hapa ungeandika shilingi ngapi?" Wape nafasi wajadili jibu wawili wawili kabla ya kulisema. Na ukishauliza, vumilia ukimya. Walimu wapya huujaza ukimya kwa maneno yao, na hapo ndipo fikra za wanafunzi zinapokatizwa.

Kuhusu haya unayoiona, sitaki uipoteze yote, maana ndani yake mna heshima. Ila ipe pa kukaa. Wasalimie mmoja mmoja kabla ya kuanza, kila mtu kwa cheo chake. Usisimame mbele peke yako, keti nao kwenye duara. Sema wazi kwamba wao wanaijua biashara na wewe unajua daftari, na jioni hii mnabadilishana. Nao wanajua umri wako, hawakukuita wakidhani wewe ni mzee mwenzao. Walikuita kwa kuwa wanakuamini.

Tena ujue njia hii haikuletwa na intaneti. Nchi yetu iliifanya kwa redio. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Wahadhiri na wataalamu walikuwa Dar es Salaam, wanafunzi walikuwa vijijini nchi nzima, takriban watu milioni mbili. Hakukuwa na mwalimu wa kutosha kila kijiji. Ila watu hawakuachwa kila mmoja na redio yake. Walikusanyika kwa vikundi na kiongozi wao, mtu wa palepale aliyepewa mafunzo mafupi. Wakasikiliza kipindi kuhusu malaria, minyoo au kichocho, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua watafanya nini kijijini kwao. Wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Kilichoibeba kampeni ile ni kikundi na kazi iliyofuata somo. Somo la mbali bila viwili hivyo hupita sikioni tu. Kozi yako imekupa kile kipindi cha redio. Kikundi na kazi utavitengeneza mwenyewe.

Kikundi kinaweza kuwa cha watu wawili. Mama yako mdogo ni katibu, anayaona yote. Darasa likiisha, kaa naye kidogo, muulize nani aliongea leo ambaye huwa haongei, na nani aliondoka mapema. Tafuta pia mwalimu mmoja wa shule ya msingi au mstaafu umrekodie ujumbe wa sauti kwa WhatsApp kila ukimaliza kipande cha kozi, umweleze kwa Kiswahili ulichokielewa. Ukishindwa kukieleza kwa Kiswahili, hujakielewa bado, rudia. Ndiyo maana nakusisitizia daftari: kila kipande, nusu ukurasa kwa lugha yako, na mstari wa mwisho uwe "Alhamisi nitafanya hivi." Ukikosa cha kuandika kwenye mstari huo, kipande hicho kinaweza kusubiri.

Bando nalo. Video nyingi za kozi zina maandishi yake pembeni, yasome hayo, hayali data nyingi. Penye intaneti ya bure, kama kazini ukiruhusiwa, pakua video kwa ubora wa chini uzitazame nyumbani. Na usisome usiku ukiwa umechoka kila siku kwa kujilazimisha. Chagua siku mbili, moja ikiwa ile inayofuata Alhamisi, mambo yakiwa bado ya moto.

Kwenye cheti rafiki yako ana hoja, lakini ameichanganya. Cheti cha kushiriki kozi fupi ya mtandaoni kinaonyesha umejituma, na unaweza kukiweka kwenye wasifu wako wa kazi. Hakikufanyi mwalimu mwenye sifa hapa nchini, na kwa kazi ya kikoba hakuna atakayekuuliza. Usikilipie sasa. Fedha hiyo inunue bando na maharage. Ukiona kazi hii imekuingia na ungependa iwe taaluma, nenda Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1975. Ina vituo mikoani, Mbeya ikiwemo, na ina masomo ya darasani na ya masafa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania nacho kinafundisha kwa masafa, na hutalazimika kuacha kazi. Kabla ya kujaza fomu yoyote, uliza ada, sifa za kujiunga na kama stashahada yako ya uhasibu inakubalika. Ukifika huko ukiwa na daftari la Alhamisi zako, utakuwa unaongea na wakufunzi kuhusu watu halisi, nao watakusikiliza tofauti.

Jambo la mwisho ni namna ya kujua kama unafundisha. Maswali ya kujipima ya kozi yatakuonyesha ulichokumbuka wewe. Cha wanafunzi wako kitaonekana siku ya kuvunja kikoba, yaani kugawana fedha zilizokusanywa. Omba uongozi kuanzia sasa kwamba mwaka huu mgao usihesabiwe na katibu peke yake chumbani. Ubandike kwenye karatasi kubwa jumla ya hisa, riba iliyopatikana na faini, kisha wanachama, kwa makundi ya watatu watatu, wakokotoe kila hisa imezaa shilingi ngapi na wao wanastahili kupata nini. Yule mzee awe kwenye kundi mojawapo. Majibu ya makundi yakilingana na ya katibu, endelea mbele na kozi. Yasipolingana, usisahihishe wewe. Waulize walianzia wapi kuhesabu, na Alhamisi inayofuata anzeni papo hapo.